Kamera Haitafuti Magugu

Wiki hii nimeulizwa tena, mara ya tatu: "Si mashine ya palizi ina kamera? Tuache magugu yakue kidogo, iyaone vizuri." Nimebakiza kuchora jibu ubavuni mwa trekta.

Kamera ya kawaida ya mashine ya palizi ya ngano haitafuti magugu. Inatafuta mistari ya ngano. Inasoma ukijani uliojipanga, kisha haidroliki inasogeza fremu kushoto au kulia ili visu vipite katikati. Kilichoota humo kinakatwa, kiwe gugu au ngano iliyopotea njia. (Ziko roboti zinazotambua mche mmoja mmoja, lakini zinafaa zaidi mboga, ngano imesongamana mno ndani ya mstari.) Sasa magugu yakifunika nafasi, shamba zima ni kijani kitupu, kamera inapoteza mstari, na kisu kinafyeka ngano yako. Uliyemngojea aone vizuri ndiye uliyemziba macho.

Isitoshe, gugu kubwa halifi kirahisi. Haro ya meno membamba (kama reki pana inayokokotwa na trekta) huua kwa kufukia na kung'oa. Miche ambayo bado ni uzi mweupe chini ya udongo, au yenye majani mawili ya kwanza tu, inakwisha. Ikishafika majani manne inatikiswa, inajiweka sawa, inaendelea kula mbolea yako. Ingia udongo ukiwa mkavu juu na jua likiwaka, kina cha sentimita 2 au 3. Ukichimba zaidi unaziamsha mbegu zilizolala. Mimi huwaambia wakulima: ukiyaona magugu ukiwa umekaa juu ya trekta, umeshachelewa. Shuka, piga magoti, fukua kidogo kwa kidole.

"Nina GPS, nafasi ya mistari si tatizo." Ni tatizo. Mistari iliyoachana sentimita 12.5 iachie haro. Visu vinataka kama 20 au zaidi. Upana wa mashine nao ulingane na wa planta, la sivyo utakata ngano pale mipito inapokutana.

"Haro inaua ngano." Inafukia majani machache, nayo yanatoka. Usiingie tu wakati ngano inachomoza.

"Itamaliza ndago." Ndago ukiikata juu inachipua tena kutoka kwenye vijiazi vyake chini. Hiyo ni kazi ya kabla ya kupanda, kamera usiisingizie.