Kifua, damu na sauti: maswali ya mwanzo ya wanaume wa transi Unguja na Pemba

Mimi ni muuguzi, Unguja. Maswali haya huniijia kwa minong'ono, mara nyingi jioni watu wakishapungua, kutoka kwa vijana waliozaliwa wakaitwa wasichana, nao wanajijua kuwa ni wanaume. Wengine hujiita transi, wengine hawana neno. Mimi nawaita kaka. Nimeona mbavu zilizoumia na ngozi zilizochubuka kwa kukosa mtu wa kumuuliza, ndiyo maana nayaandika majibu.

Mama anasema nimeingiliwa na shetani, anataka kunipeleka kwa mganga. Je, naumwa?

Huumwi. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya maradhi, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Orodha hiyo ililitoa jambo hili la kuwa transi katika sura ya maradhi ya akili. Mama usimpige vita. Ana hofu na anakupenda. Lakini ukipewa dawa ya kunywa isiyojulikana ni nini, ikatae kwa adabu.

Nafunga kifua kwa kanga, juu yake bandeji ya kuvutika, tangu alfajiri mpaka usiku. Siku hizi nikipanda ngazi pumzi zinakatika. Nivumilie?

Usivumilie, kaka. Bandeji ifungue leo na usiirudie. Kazi yake ni kubana kiungo kilichoteguka. Ukiizungushia kifua, kila ukijipinda inazidi kujikaza, na mbavu zinakosa nafasi ya kupanuka unapovuta pumzi. Kanga nayo haivutiki hata kidogo, kwa hiyo ukiikaza haikuachii. Plasta ndiyo mbaya zaidi, maana inaondoka na ngozi.

Kinachofaa ni bainda, yaani fulana maalumu ya kubana kifua, ya kipimo chako. Usichukue ndogo kwa tamaa ya kifua kulala zaidi. Kama huipati, sidiria ya michezo inayokukaa sawasawa inasaidia sana. Jumla ya saa nane kwa siku ndio mwisho. Usilale nayo, usicheze mpira nayo, na ukiwa chumbani peke yako, vua. Ubavu ukichoma, mikono ikifa ganzi au pumzi ikiwa fupi, vua hapo hapo. Maumivu yakiendelea, nenda ukaangaliwe.

Joto letu nalo ni jambo la kulichukulia kwa uzito. Kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi, jasho linakaa chini ya kitambaa, na fangasi hupenda mahali hapo. Uwe na bainda mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe, na wakati wa masika usivae iliyo na unyevu hata kama umechelewa. Nguo za juu pia zinaficha kuliko vijana wanavyodhani. Kanzu nyepesi peke yake huonyesha, lakini ukiitia koti juu kama siku ya Idi, kifua hakisomeki. Shati pana la rangi nzito lenye mifuko kifuani nalo ni hivyo hivyo.

Kuna mtu wa kunyanyua vyuma anauza testosteroni, homoni ya kiume. Nikipiga dozi mbili kwa mpigo, ndevu zitawahi?

Hazitawahi. Testosteroni ni kubalehe upya, na kubalehe hakuendeshwi mbio. Kwa dozi ya kawaida, wengi hukatika hedhi ndani ya miezi 6. Sauti huanza kupasuka katika miezi ya mwanzo, kama ya mvulana wa skuli, kisha ikatulia chini. Ndevu huchomoza polepole, na kujaa kwake huchukua miaka 4 au 5. Ukizidisha, mwili huigeuza sehemu ya homoni hiyo kuwa estrojeni, homoni ya kike, ile ile unayoikimbia.

Hatari kubwa ya kuzidisha iko kwenye damu. Testosteroni huuchochea mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi, damu ikawa nzito na rahisi kuganda. Kwa hiyo daktari hupima kabla ya kuanza, na mwaka wa kwanza hupima kila baada ya miezi michache: picha kamili ya damu, presha, lehemu (mafuta ya kwenye damu). Kiwango kiitwacho hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, kikipita asilimia 54, dozi hupunguzwa au kusimamishwa. Mwenye chupa hana kipimo hata kimoja cha hivyo, na kilichomo ndani ya chupa yake hamkijui, wewe wala yeye.

Kama tayari umeshaanza, sitakugombeza. Sindano hii ni ya mafuta: hupigwa kwenye msuli au chini ya ngozi, kamwe si kwenye mshipa wa damu. Bomba na sindano viwe vipya kila mara, na usigawane na mtu hata awe ndugu yako, kwa sababu ya VVU na homa ya ini. Kisha nenda ukapime damu.

Ujue pia kwamba sauti nzito na ndevu hazirudi nyuma ukiacha dawa. Hedhi kwa kawaida hurudi.

Damu imekata miezi mitano. Nimesalimika na mimba?

Hapana. Yai linaweza kupevuka bila hedhi kuonekana, na testosteroni humdhuru mtoto tumboni. Tumia kinga: kondomu, kitanzi, kijiti. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu haina estrojeni, na baada ya mwaka mmoja, karibu nusu ya wanaoitumia hawaingii tena mwezini. Kwa asiyetumia testosteroni lakini hedhi inamtesa moyo, hiyo ni njia nzuri ya kuizungumza na mkunga.

Na Ramadhani?

Wanazuoni wengi wa leo wanaona sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Mwenye wasiwasi apige baada ya futari. Bainda punguza saa, hasa alasiri, ukiwa na kiu na jua. Na usiende kupima damu jioni umekaukiwa: upungufu wa maji huipandisha hematokriti, ukatishwa hofu bure. Kunywa maji vizuri usiku, upime asubuhi.

Nipo Mkoani, Pemba. Nikienda spitali naogopa maswali.

Woga wako una sababu. Sheria yetu inaadhibu mapenzi ya jinsia moja, na watu hawatofautishi. Huna haja ya kumweleza karani wa mapokezi. Mweleze mhudumu mmoja unayemwamini, na dawa unayotumia usimfiche, kwa sababu majibu ya maabara yanaitegemea. Ukiandikwa mwanamke, damu yako italinganishwa na kipimo cha wanawake, ambao huhesabiwa wana upungufu wa damu hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Kwa wanaume ni chini ya 13. Anayetumia testosteroni kwa muda alinganishwe na wanaume.

Na mlango wa kizazi ukiwapo, uchunguzi wa saratani unakuhusu: tangu miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Kipimo cha siki, yaani kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi na kuangaliwa, huchukua dakika chache. Nenda na mtu wa kukushika mkono, na mwambie muuguzi atumie kifaa kidogo, maana testosteroni hukausha na kuifanya sehemu hiyo iume.