Kutisha si Kushtua

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia kwenye simu trela ya filamu ya kutisha, na chini yake akaandika onyo: "Mjomba, hii inatisha kweli, usiitazame peke yako usiku." Niliitazama peke yangu, saa nne usiku, hapa Ngamiani mjini Tanga, taa ikiwa imezimwa. Katika dakika mbili na ushei niliruka kitini mara nne, na mara ya nne nusura simu inidondoke. Ilipokwisha nikafunga mlango wa uani, nikanywa maji, nikalala hadi adhana ya alfajiri bila kuota chochote. Asubuhi nikamwambia kwamba haikunitisha. "Lakini uliruka, mjomba?" Niliruka. "Basi si imekutisha!" Kosa hilo si la mpwa wangu peke yake. Nalisikia barazani, nalisikia kwa watu wanaosimuliana filamu mpya ndani ya daladala, na kila mwisho wa wiki nalisoma kwenye ubao unaoegeshwa nje ya banda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea filamu mtaani kwetu, ndiyo maana nimeona niliandike kwa urefu kidogo.

Kushtua ni kuufanya mwili uruke kabla akili haijajua kuna nini. Kutisha ni kumjulisha mtu kwamba kuna jambo baya lililo njiani, kisha kumwacha alingojee. Trela ya filamu ya kutisha imefaulu ikiwa mtu anaizima lakini bado anangojea. Imeshindwa ikiwa aliruka mara nne kisha akalala.

Maana yenyewe ni hiyo, na sidhani kuna atakayeipinga. Kinachoniuma ni kwamba lugha yetu ilikwisha kuyatenga mambo haya mawili zamani sana, kwa maneno mawili tofauti kabisa, nasi tunayachanganya kana kwamba hatukupewa.

Tuanze na kutisha, kwa kuwa ndilo neno linaloonewa. Kiambishi kilichomo mwishoni ni kile kile cha kusababisha tunachokikuta katika rudisha na pitisha. Ukikiondoa unabaki na kishina -ti-, ambacho kikisimama peke yake hakimwambii kitu msemaji wa leo. Hata hivyo hakijafa. Katika Kiganda, kuogopa ni kutya na kutisha ni kutiisa, na kwetu sisi kishina hicho kimejificha ndani ya kitenzi kifupi kucha. Si kule kucha kwa usiku kupambazuka, bali kucha kwa maana ya kuogopa kwa heshima, kama tunaposema mcha Mungu, uchaji na kicho. Sauti tu ndiyo iliyobadilika: kishina kilipokutana na irabu a mwishoni kikatamkwa -cha, na kilipofuatwa na -sha kikabaki na t yake. Kwa hiyo mcha Mungu na filamu ya kutisha wamezaliwa nyumba moja, ingawa siku hizi hawatembeleani.

Sasa mwangalie mcha Mungu. Haruki. Hakuna mlango uliobamizwa nyuma yake wala kelele iliyopigwa sikioni mwake. Anajua kwamba kuna kilicho kikubwa kuliko yeye, asichokiona, na kujua huko kunabadilisha namna anavyotembea na anavyosema hata siku ambayo hakuna lolote linalotokea. Hicho ndicho kicho, na kutisha ni kumtia mtu hali ya namna hiyo. Watoto wa pwani tuliokuzwa kwa habari za mumiani tunaijua hali hiyo vizuri. Hakuna aliyewahi kutuonyesha mumiani, wala jina lake halikutushtua lilipotajwa, lakini magharibi ilipoingia kila mtoto alikuwa amekwisha kufika kwao.

Maneno mengine ya ukoo huo yanashuhudia jambo lile lile. Tishio ni la kitu ambacho bado hakijafika: tunasema kuna tishio la mafuriko wakati mto ungali ndani ya kingo zake, na mafuriko yakishakuja hatusemi tena tishio. Mtu akikamatwa kwa kutishia kuua, maana yake hajaua. Na mtu asiye na uwezo wa kutimiza anachokitangaza tunamwambia asitutishie nyau, kwa sababu nyuma ya vitisho vyake tumekwisha kuchungulia tukaona ni paka tu. Katika yote haya uzito uko mbele, kwenye kile kinachokuja, na tishio linaishi kadiri kile kinachokuja kinavyosadikika.

Kuna wazee wenzangu wanaokasirishwa na vijana wanaposema "umetisha!" kwa mtu aliyeimba vizuri au aliyefunga bao zuri. Mimi sikasiriki hata kidogo. Vijana hao, bila kujua, wamelirudisha neno karibu na kucha: wanasema kwamba wamesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko walivyotarajia. Wako karibu zaidi na asili ya neno kuliko mtu anayesema kwamba kishindo cha sekunde moja kimemtisha.

Kushtua ni ukoo mwingine. Sikiliza sauti ya shtuka, kisha uiweke pamoja na fyatuka, kurupuka, gutuka na chomoka. Ni vitenzi vya kitu kilichotoka mahali pake ghafla, mara moja, kikaisha. Mtego ukishafyatuka hauna habari tena hadi utegwe upya. Na mshtuko ni wa mwili kwanza: tunasema mshtuko wa moyo, tunasema mshtuko wa misuli, na hakuna katika hayo anayefikiria filamu. Mtoto mchanga wa wiki mbili hushtuka sufuria ikianguka jikoni. Mikono yote miwili hutawanyika, vidole hukunjuka, kisha hulia. Mtoto huyo hajui kuogopa sufuria, wala jikoni, wala kesho. Mwaka 1939 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Carney Landis na William Hunt, walichapisha utafiti wa watu waliopigwa picha za sinema wakati risasi ya bastola ikilipuliwa karibu nao, na wakaona mpangilio ule ule kwa karibu kila mtu: macho hufumba kwanza, kisha kichwa husogea mbele, mabega hupanda, viwiko hukunjika. Yote hayo hutokea katika sehemu ndogo ya sekunde, kabla mtu hajapata nafasi ya kuwa na maoni. Mtu aliyenirusha kitini mara nne kwa sauti kubwa hakunifanya chochote ambacho mlango uliobamizwa na upepo wa kaskazi usingenifanya.

Sisemi kwamba mshtuko hauna mahali pake. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na methali hiyo imeyaweka mambo yote mawili katika mpangilio unaostahili: kuumwa kumekwisha kumtia mtu hofu inayokaa, na kwa sababu ya hofu hiyo unyasi mmoja unatosha kumrusha. Mwaka 1951 watafiti waliwafundisha panya kuogopa ishara fulani, wakagundua kwamba panya hao waliruka zaidi kelele ilipolia pamoja na ishara hiyo kuliko ilipolia peke yake. Hofu hutangulia, mshtuko hukuzwa nayo.

Watengenezaji wa filamu walilijua hilo mapema. Katika filamu ya Marekani ya mwaka 1942 iitwayo Cat People, iliyotayarishwa na Val Lewton na kuongozwa na Jacques Tourneur, mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta wa bustani. Viatu vyake vinalia, viatu vingine vinalia nyuma yake, kisha vile vya nyuma vinanyamaza. Anageuka, haoni mtu. Anaharakisha kutoka duara moja la mwanga wa taa ya barabarani hadi jingine, na kati ya taa na taa kuna giza. Ghafla kunasikika sauti kama mnyama anavyokoroma kabla ya kurukia, na kumbe ni breki za basi lililosimama mbele yake. Mbinu hiyo ikaitwa basi la Lewton, na watu wa filamu wanaiita hivyo mpaka leo. Trela nyingi za siku hizi zimelichukua basi zikaiacha ile safari ya kando ya ukuta. Zinatuletea mabasi manne katika dakika mbili, nasi hatujatembea hata hatua moja gizani.

Udhuru ninaopewa ni kwamba trela ni fupi, haina muda wa kutembeza mtu. Udhuru huo haukubaliki. Trela ya The Shining ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Stanley Kubrick, ni picha moja tu. Kamera imetulia mbele ya milango miwili myekundu ya lifti, pana viti, na majina yanapanda polepole kutoka chini kwenda juu. Hakuna mtu. Kwa kuwa hakuna kingine cha kutazama, unaitazama milango, na ukiitazama unajua kwamba itatoa kitu. Damu inapoanza kumwagika kutoka pembeni mwa mlango haiji kwa kishindo. Inakuja taratibu, inajaa ukumbi, inavisomba viti na hatimaye inaifunika kamera yenyewe. Sikuruka hata mara moja nilipoitazama kwa mara ya kwanza, na hadi leo nikisimama mbele ya lifti katika jengo lolote huwa naangalia chini ya mlango. Trela ya Alien ya mwaka 1979 haina neno hata moja linalosemwa na mhusika. Tunaonyeshwa kitu mfano wa yai, yai linapasuka na mwanga kutoka ndani, kisha watu wanakimbia katika vipande vifupi vifupi bila kuonyeshwa wazi wanakimbia nini, na mwishoni yanaandikwa maneno yanayosema kwamba huko angani hakuna atakayekusikia ukipiga kelele. Maneno hayo ni tishio kwa maana yake kamili, kwa sababu yanazungumzia kelele ambayo bado haijapigwa.

Aliyewahi kuingia katika Mapango ya Amboni, kaskazini ya mji wetu, atakuwa amelipata somo hili bila filamu. Nilipokwenda na wanafunzi, popo waliruka kutoka darini katika chumba cha kwanza na watoto wote wakapiga kelele. Nusu dakika baadaye walikuwa wanacheka na kusukumana. Ndani zaidi, mwongozaji alituomba tusimame, tusishikane, akazima tochi. Hakufanya lolote jingine. Hakutoa sauti, hakumgusa mtu, maji tu yalikuwa yanadondoka mahali fulani. Watoto wale wale waliokuwa wakicheka walinyamaza, na nikahisi mkono mdogo umeshika shati langu kwa nyuma. Tulipotoka nje kwenye jua hakuna aliyezungumza habari za popo. Waliuliza pango linaishia wapi.

Huko ndiko trela nyingi zinakoharibikiwa: hazithubutu kuzima tochi. Zinatuonyesha uso wa mzimu katikati ya trela, mchana kweupe, kisha zinauonyesha tena kwa karibu ili tusije tukaukosa, na jambo likishafika, kama nilivyosema juu ya mafuriko, tishio halipo tena. Nyingine zinatueleza kisa chote, nani atakufa na nyumba ilijengwa juu ya nini, hata hakuna swali la kwenda nalo kulala. Na karibu zote zimezoea mpangilio mmoja wa sauti, muziki unapanda, unakatika, kimya kifupi, kishindo. Sikio la mtazamaji wa leo limeujua mpangilio huo kiasi kwamba kile kimya, ambacho kingeweza kuwa sehemu ya kutisha kuliko zote, kimegeuka kuwa onyo la kuziba masikio.

Jumamosi nilipita kwenye banda umiza. Kijana anayeliendesha alikuwa amechuchumaa mbele ya ubao, chaki mkononi, anaandika picha za usiku huo. Ya saa mbili ilikuwa ile ile aliyonitumia mpwa wangu, na kando yake alikuwa amekwisha kuandika INATISHA kwa herufi kubwa na kupiga mistari miwili chini. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Nikamwuliza kama ameitazama. Akasema ameitazama yote, jana usiku, peke yake, hapo hapo bandani. Nikamwuliza alirudije nyumbani. Akafikiri kidogo, akasema alirudi kwa miguu, kwa njia ya makaburini, kwa kuwa ndiyo ya mkato.

"Basi andika inashtua, mwanangu," nikamwambia. "Hilo lingine liwekee akiba."

Akafuta kwa kiganja, akaandika upya.