Je, Wajua Kwa Nini Mkondo wa Bahari Haufuati Upepo?

Mwaka 1893 mvumbuzi wa Norwe, Fridtjof Nansen, aliiacha meli yake Fram inaswe makusudi kwenye barafu ya Aktiki ili ichukuliwe na maji. Aliona jambo la ajabu: barafu haikwenda upepo ulikoelekea, ilichepuka kulia kwa nyuzi 20 hadi 40. Mwaka 1905 Mswidi Vagn Walfrid Ekman alichapisha hesabu zinazoeleza sababu, na hesabu hizo ndizo mlango wa kuielewa mikondo ya bahari.

Upepo ukipita juu ya maji huyaburuta. Maji ya juu kabisa hupata asilimia 2 hadi 3 tu ya kasi yake, yaani upepo wa mita 10 kwa sekunde huyapa mwendo wa sentimita 20 hadi 30. Tabaka hilo huliburuta lililo chini yake, nalo hivyo hivyo, kila moja likizidi kupungua kasi, hadi kina cha mita 100 hivi ambako nguvu ya upepo imekwisha. Lakini Dunia inazunguka, kwa hiyo kila tabaka hupinda kidogo zaidi kuliko lililo juu yake. Ukijumlisha tabaka zote, maji husafiri kwa nyuzi 90 kutoka mwelekeo wa upepo: kulia katika kizio cha kaskazini, kushoto katika kizio cha kusini. (Husemwa kwamba maji ya tundu la sinki nayo huzunguka upande tofauti katika kila kizio kwa sababu hiyo; si kweli. Sinki ni dogo mno na maji huisha mapema mno.)

Sasa tazama Atlantiki ya kaskazini. Upande wa ikweta pepo huvuma kutoka mashariki; juu zaidi huvuma kutoka magharibi. Zote mbili, kwa kupinda huko, hurundika maji katikati mwa bahari. Hapo hutokea kilima cha maji chenye kimo cha takriban mita 1, kilichotandaa mno kiasi kwamba jicho haliwezi kukiona, ila satelaiti hukipima. Maji hutaka kuteremka, mzunguko wa Dunia huyapinda, na mwisho wake yanakizunguka kilima badala ya kukishuka. Mizunguko mikubwa ya namna hii ni 5: miwili Atlantiki, miwili Pasifiki, na mmoja kusini mwa Bahari ya Hindi.

Kilele cha kilima hakikai katikati. Mwaka 1948 Henry Stommel, mwanasayansi wa bahari wa Marekani, alionyesha kwamba, kwa kuwa nguvu ya kupinda ni sifuri kwenye ikweta na huongezeka kuelekea ncha za Dunia, kilele husogea magharibi. Mteremko wa upande huo huwa mkali, na mkondo wake mwembamba na wenye kasi. Ndiyo maana Mkondo wa Ghuba, karibu na Marekani, una upana wa kilomita 100 hivi na hupita mita 2 kwa sekunde, ilhali maji yanayorudi upande wa Afrika hutambaa kwa upana mkubwa.

Vilindini kazi hufanywa na uzito. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi -1.8 hivi za Selsiasi, na barafu huacha nje sehemu kubwa ya chumvi. Maji yanayobaki, ya baridi na yenye chumvi nyingi, huwa mazito na kuzama, kama katika Bahari ya Weddell huko Antaktika. Karibu na Greenland huzama hasa kwa kupoa. Safari yake chini ya bahari huweza kuchukua miaka 1,000 hivi. Maji matamu ya barafu inayoyeyuka yakitanda juu, huyapunguzia uzito na kuzuia kuzama. Hapo ndipo mfumo huu ulipo dhaifu.

Anayetaka kuona kwamba upepo ndio injini ya mikondo ya juu autazame Mkondo wa Somalia. Wakati wa kaskazi huteremka kuelekea kusini-magharibi. Kusi ikishika, mkondo huo huo hugeuka, ukakimbia kaskazini-mashariki kwa zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Maji ya juu husukumwa mbali na pwani, na ya baridi kutoka chini hupanda kuchukua nafasi yake, yakileta virutubisho vinavyolisha samaki.