Je, wajua kwa nini mkuu wa Hawaii ya kale aliogopa kuhamwa na watu wake?

Mwaka 1986 jimbo la Hawaii lilitunga sheria ya aina yake. Inawakumbusha gavana, wabunge na majaji kuzingatia "Roho ya Aloha" wanapotumia madaraka yao: upole, umoja, uungwana, unyenyekevu na subira. Ukiisoma haraka utadhani ni tangazo la kuvutia watalii, lakini zamani maadili hayo yalikuwa na meno.

Visiwa viligawanywa katika maeneo yaitwayo ahupuaʻa, mara nyingi kuanzia mlimani hadi baharini: juu miti, chini yake mashamba ya majimbi, kisha samaki. Msimamizi, konohiki, aligawa maji ya mifereji, aliitisha kazi za pamoja na kufunga uvuvi wa samaki fulani kwa msimu. Machifu waliokuwa juu yake walikuwa na mamlaka ya kutisha. Ila mkulima hakufungwa na ardhi. Akionewa, aliweza kufungasha akahamia kwa mkuu mwingine. Na konohiki aliyehamwa, nani angemzibulia mfereji? Meneja anayepokea barua za kuacha kazi kila mwezi anaijua hofu hiyo.

Ugomvi nao ulikuwa na utaratibu wake, hoʻoponopono. Familia hukaa pamoja, huomba dua, kisha tatizo hutajwa wazi. Wagombanao hawajibizani: kila mmoja huzungumza na mzee anayeongoza kikao, ili hasira isipate pa kurukia. Joto likipanda, mzee huamuru kimya. Mwisho watu huombana radhi, husameheana na kula pamoja.

Baadhi ya maofisi yameiga utaratibu huu, na unafaa, kwa sharti moja ambalo wengi hulipuuza: anayeongoza asiwe na upande. Bosi anayelalamikiwa hawezi kuketi kwenye kiti cha mzee, hata akianza kwa dua ndefu kiasi gani.

Hatari nyingine ni kudai aloha kutoka chini tu, yaani mhudumu atabasamu huku uongozi ukihesabu faida. Mwaka 2018 wafanyakazi wapatao 2,700 wa hoteli tano za Waikiki na Maui waligoma kwa siku 51. Walidai kazi moja itoshe kuendesha maisha, kwani visiwani humo gharama ni kubwa na wengi wao walikuwa na kazi mbili. Walirudi kazini baada ya kupata mkataba mpya wenye nyongeza ya mshahara.