Joto la Dar si sababu ya kuweka oili nzito kwenye gari lako

Kwenye karakana yetu ya mafunzo ya ufundi wa magari huwa tunaletewa injini zilizokufa ili wanafunzi wajifunze kufungua na kufunga. Nyingi ni za Toyota ndogo: IST, Vitz, Raum, Probox. Ukitoa kifuniko cha juu, pale ilipo kemshafti (mhimili unaofungua na kufunga valvu), mara nyingi hukuti chuma kinachong'aa. Unakuta tope jeusi lililoganda kama lami, limeziba vitundu vya kupitishia oili. Injini ya namna hiyo haikufa kwa uzee. Imekufa kwa kiu, na oili ilikuwamo ndani yake.

Tukimuuliza mwenye gari alikuwa anaweka oili gani, jibu huwa linafanana: "Fundi huniwekea ile nzito, si unajua huku kwetu kuna joto." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu linasikika kama lina akili, na linaharibu injini nyingi za watu waliojinyima ili wanunue gari.

Tuanze na zile namba kwenye dumu, mfano 5W-30 au 20W-50. Ni namba za SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na zinaeleza mnato tu, yaani uzito wa oili inapotiririka. Hazielezi ubora. Herufi W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake inaonyesha tabia ya oili kwenye baridi kali: 5W hupimwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 15W kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba ya pili inaonyesha mnato wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Hapo, kwa kipimo cha sentistoki (namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi), oili ya 30 inatakiwa iwe na mnato kati ya 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Kutoka 30 kwenda 50 si hatua ndogo.

Sasa angalia: nyuzi 100 ni joto la ndani ya injini, wala si la barabarani. Maji ya kupoza injini yanashikiliwa na themostati, valvu inayodhibiti joto la maji hayo, kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu, gari liwe Sapporo, Japani, kwenye theluji au Tandika saa saba mchana. Injini ikishapata moto, oili ya Dar es Salaam na oili ya Japani ziko karibu katika joto lile lile. Mhandisi aliyeandika 5W-30 alikuwa anapigia hesabu joto hilo.

Hatari yenyewe iko asubuhi unapowasha. Gari limelala usiku kucha, oili yote imeshuka kwenye sampu, yaani trei ya chini ya injini, na pampu inatakiwa kuipandisha hadi juu kwenye tapeti, vyuma vinavyosukuma valvu, haraka iwezekanavyo. Usiku wa Dar, pamoja na joto lake lote, uko mbali sana na nyuzi 100. Kwa nyuzi 40, oili ya kawaida ya 5W-30 huwa na mnato wa 60 hivi, wakati 20W-50 huwa kwenye 150 hivi. Maana yake ni kwamba asubuhi kila oili ni nzito kupita inavyotakiwa, na ile unayoiita nzito inazidi mara mbili na zaidi. Wakati huo wote vyuma vya juu vinasuguana. Kwa ndugu zetu wa Njombe na Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai unaweza kukuta barafu kwenye majani, jambo hili ni kubwa zaidi.

Kuna jingine linaloendana na hili. Wapo mafundi wanaotoa themostati na kuitupa, wakisema ni kifaa cha nchi za baridi. Tafadhali usikubali. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto, maji na petroli vinavyopenya kwenye oili havipati joto la kuvifanya viwe mvuke vitoke, na tope lile nililoeleza mwanzo huanzia hapo.

Kwa nini basi wazee wetu waliweka oili ya 40 au 50 na magari yakadumu? Kwa sababu injini zao zilitengenezwa kwa oili hiyo. Nafasi kati ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) na beringi zake ni ndogo kuliko unene wa unywele, na kila mtengenezaji huipangia oili inayoweza kupita humo na kubaki kama utando. Injini za siku hizi, hasa za Japani, zimebanwa zaidi na zina kazi nyingine ambayo injini ya zamani haikuwa nayo: zinatumia oili kama mkono wa kusukuma. Ukiona maandishi VVT-i kwenye injini ya Toyota, jua kwamba kemshafti inasogezwa mbele na nyuma kwa presha ya oili, kupitia valvu ndogo yenye chujio laini la nyavu. Oili nzito au chafu inachelewa kufika, chujio linaziba, gari linakuwa zito kuondoka, mafuta yanaliwa, taa ya injini inawaka. Fundi akipima na mashine anaona namba ya hitilafu kama P0011, anakuuzia valvu mpya, na baada ya miezi michache mnarudi pale pale.

Oili sahihi kwa gari lako utaijua vipi, ikiwa kitabu chake hakikuja nalo au kiko kwa Kijapani? Angalia kwanza kifuniko cha kujazia oili. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni kimeandikwa namba, mfano 0W-20. Hata kwenye kitabu cha Kijapani namba hizi zimeandikwa vile vile unavyozijua, kwa hiyo pekua kurasa za mwisho utaziona. Kisha fungua boneti au mlango wa dereva utafute stika ndogo ya gereji ya Japani ya kubadilisha oili. Ina tarehe na kilomita, na mara nyingine aina ya oili. Tarehe huenda isikueleweke kwa sababu Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao: ikiwa ni H25 jumlisha 1988, ni mwaka 2013, ikiwa ni R3 jumlisha 2018, ni 2021. Mwisho, chukua namba ya chasi. Kwa mfano, IST yenye NCP60 ni injini ya 1300, NCP61 ni ya 1500, na kwa namba hiyo muuzaji makini wa vipuri atakupatia maelekezo ya injini yako yenyewe.

Ukishapata mnato, tafuta daraja la ubora. Hapa ndipo watu wengi huishia njiani. Nyuma ya dumu kuna herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani. S ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli. Herufi inayofuata, kadiri ilivyo mbele kwenye alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya kisasa: SL ilianza 2001, SN 2010, SP 2020. Madukani kwetu bado yapo madumu ya SF, tena yanauzika sana kwa sababu ni ya bei nafuu. Daraja la SF halifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1988. Rudia kuisoma sentensi hiyo ukiwa umesimama mbele ya rafu. Gari lako la 2008 haliwezi kuwa salama na oili iliyokusudiwa injini za kizazi kilichopita, hata kama namba ya mnato ni sahihi.

Kuhusu oili ya madini na ya sintetiki, ushauri wangu ni mfupi: kama uwezo upo, weka sintetiki, inavumilia joto zaidi na haigandi upesi. Kama haupo, oili ya madini yenye namba na daraja sahihi, inayobadilishwa kwa wakati, ni bora kuliko sintetiki inayokaa mwaka mzima.

Wenye Mazda CX-5 za dizeli na dizeli nyingine zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi wawe makini zaidi. Magari hayo yanahitaji oili yenye majivu machache, kama ya daraja la JASO DL-1 (viwango vya Japani) au ACEA C3 (viwango vya Ulaya), kulingana na kitabu kinavyosema. Oili ya kawaida ya malori itakijaza kichujio majivu yasiyochomeka, na bei ya kichujio inaumiza. Na ndugu wa bodaboda, msiweke oili ya gari kwenye pikipiki: klachi yenu inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na ile ya gari inaweza kuifanya iteleze. Tafuteni dumu lenye JASO MA.

Kiasi nacho kina madhara. Injini ya 1NZ, ile ya 1500, ya IST au Probox inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Dumu ni la lita nne, na nimeona mafundi wengi wakilimimina lote ili mteja asione wamebakiza. Oili ikizidi, krenki inaipiga hadi inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Simama hapo, fundi amimine kidogo kidogo, apime kwa stiki gari likiwa sehemu tambarare, kinachobaki ukiweke kwenye buti.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa usinunue, kwa kuwa hakuna anayeweza kukuonyesha ilikotoka. Nunua dumu lenye lakiri nzima, namba ya toleo inayosomeka na alama ya ubora ya TBS, au ya KEBS kwa walioko Kenya, na baada ya kulimaliza litoboe. Dumu zima lililotupwa gereji ndilo linalojazwa upya na kuuzwa kwa mwingine.

Wengine hubadilisha oili kwa kuiangalia rangi. Oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu inabeba masizi, na ya dizeli hubadilika ndani ya siku chache. Hesabu kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Kama kila siku unakaa foleni kutoka Mbezi hadi Posta, punguza, maana injini inafanya kazi saa nzima na kilomita hazisogei.

Na kama gari lako limetumia oili nzito kwa miaka? Usilisafishe kwa dawa za kuoshea injini kwa mara moja. Tope likibanduka kwa pamoja huziba chujio la pampu. Rudi kwenye oili sahihi, badilisha pamoja na filta baada ya kilomita 1,500 hivi, kisha tena baada ya 3,000, ndipo uingie kwenye 5,000. Ikiwa injini imechoka na inakula oili, unaweza kupanda hatua moja, kutoka 30 kwenda 40, endapo kitabu kinaruhusu, huku ukitafuta chanzo. Mwezi wa kwanza pima stiki kila wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, na uandike. Taa nyekundu ya oili ikiwaka barabarani, zima injini hapo hapo, hata kama umebakiza mita mia moja ufike nyumbani.