Folda Iliyoachwa Wazi: Kesi za Nyimbo za Mtandaoni Zilihusu Nini?

Katika semina zetu za hakimiliki kuna swali ambalo halijawahi kukosa mwulizaji. Safari hii aliuliza binti wa mwaka wa pili, simu mkononi: "Mwalimu, wimbo nimeununua kwa hela yangu. Nikimrushia dada yangu, nimemwibia nani?" Ukumbi ukacheka, wengine wakapiga makofi. Nikamwambia jibu lake nitaliandika, maana ni refu, na linapitia Boston na mji wa Duluth kule Minnesota kabla ya kufika kwenye simu yake.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu hii ugomvi wenyewe usingekuwepo. CD huhifadhi sauti kwa kuipima mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo biti 16, na yote hayo mara mbili kwa ajili ya spika ya kushoto na ya kulia. Wimbo wa dakika nne unakula kama megabaiti 40. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani wa kawaida aliingia mtandaoni kwa modemu ya simu ya mezani, ile iliyokuwa ikilia kama kuku anayekabwa. Kuvuta megabaiti 40 ilikuwa kazi ya saa mbili, na mtu wa nyumbani akiinua mkonga wa simu sebuleni, unaanza upya. Watafiti wa Fraunhofer huko Ujerumani, akina Karlheinz Brandenburg, walikuwa wamepata njia ya kutupa zile chembe za sauti ambazo sikio halizisikii kwa kuwa zinafunikwa na sauti kubwa zaidi zinazolia wakati huohuo. Kilichobaki ndicho tunachokiita MP3. Megabaiti 40 zikawa 4, na saa mbili zikawa dakika kumi na kitu.

Kampuni za kurekodi, wakati huo, zilikuwa zinauza CD nzima ya nyimbo kumi na kitu kwa mtu aliyeutaka wimbo mmoja. Siwatetei waliovuta nyimbo za watu bila kulipa. Lakini mfanyabiashara anayekulazimisha ununue gunia la viazi ili upate kitunguu kimoja asishangae siku ukihamia genge la jirani.

Genge la jirani lilifunguliwa Juni 1999. Shawn Fanning, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, alitoa programu aliyoiita Napster. Unaandika jina la wimbo, inatokea orodha: jina la faili, ukubwa wake, jina la utani la mtu aliye nalo na kasi ya laini yake. Unamchagua mwenye laini ya kasi, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi aliyeko bwenini, unabofya, na wimbo unatoka kwenye kompyuta yake moja kwa moja hadi kwenye yako. Seva za Napster zenyewe hazikuhifadhi wimbo hata mmoja. Zilihifadhi orodha ya nani ana nini, basi.

Upande wa pili wa mpango huo watu hawakuutazama sana. Nyimbo ulizovuta kwa kawaida ziliingia kwenye folda ileile ambayo wengine waliichungulia kutafuta za kwao. Ulipokwenda kulala na kuiacha kompyuta ikinguruma, ulikuwa umefungua duka, na wateja walikuwa wakiingia na kutoka hadi asubuhi. Baadhi ya vyuo viliifungia Napster mapema, na sababu haikuwa hakimiliki: ilikuwa inameza intaneti ya chuo kizima.

Chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, RIAA, kilifungua kesi Desemba mwaka huohuo. Aprili 2000 likafuata kundi la Metallica, baada ya wimbo wao ambao haujatoka rasmi kuvuja na kuanza kupigwa redioni. Mei mpiga ngoma wao, Lars Ulrich, alikwenda mwenyewe hadi ofisi za Napster huko California na masanduku ya karatasi zenye majina ya watumiaji zaidi ya 300,000 waliokuwa wakigawa nyimbo za kundi hilo. Nje kulikuwa na mashabiki wa Metallica wakimzomea. Sijui kama kuna picha nyingine inayoonyesha ugomvi huu kwa ukamilifu zaidi: msanii amebeba orodha ya watu wanaompenda, anaipeleka kwa watu anaowashtaki.

Utetezi wa Napster ulikuwa: sisi hatuna nyimbo, tuna orodha. Waliegemea hukumu ya Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ya mwaka 1984 kuhusu mashine za Sony za kurekodi video, ambapo majaji watano dhidi ya wanne walisema muuza mashine hawajibiki kwa makosa ya mnunuzi ikiwa mashine ina matumizi halali ya kutosha. Februari 2001 mahakama ya rufaa ilikataa kuwaokoa kwa hoja hiyo. Sony akishauza mashine, imeshatoka mikononi mwake. Napster orodha iko mezani kwake kila dakika, anajua kilichomo na anaweza kukifuta. Jaji Marilyn Hall Patel, aliyesikiliza kesi hiyo tangu mwanzo, akashikilia kwamba nyimbo zilizolalamikiwa zitoke zote, na Julai 2001 huduma ikazimwa.

Waandishi wa programu waliisoma hukumu hiyo kama fundi anavyosoma mchoro. Kama kosa ni kushika orodha, wacha tusiwe nayo. Gnutella, na baadaye Kazaa, hazikuwa na seva kuu yenye orodha ya wote. Kompyuta yako iliuliza za jirani, za jirani nazo zikauliza za jirani zao, kama unavyotafuta fundi cherehani mtaani ukiwa mgeni. Ujanja huo ulifanya kazi mahakamani kwa muda. Grokster, iliyotumia mtandao mmoja na Kazaa, ilishinda mwaka 2003 na ikashinda tena kwenye rufaa mwaka 2004. Kisha, Juni 2005, majaji wote tisa wa mahakama ya juu wakageuza swali. Hawakuhangaika tena na orodha iko wapi; waliuliza kampuni ilikuwa na nia gani. Ushahidi ulionyesha kuwa iliwanyemelea waliokuwa wateja wa Napster, haikujaribu kuchuja chochote, na mapato yake ya matangazo yalipanda kadiri watu walivyozidi kuvuta nyimbo. Anayetoa chombo huku akiwahimiza watu wakitumie kuvunja haki za wengine, anabeba makosa yao. Novemba mwaka huo Grokster ilifungwa, na aliyeitembelea tovuti yake alikuta onyo lililomwonyesha namba ya IP ya kompyuta yake mwenyewe, yaani namba inayoitambulisha laini yake mtandaoni.

Hiyo namba ndiyo inayotuleta kwa watu wa kawaida.

Tarehe 8 Septemba 2003 kampuni za kurekodi zilishtaki watu 261 kwa mkupuo. Wengi hudhani walioshtakiwa walidukuliwa. Hapana. Kampuni iliyokodiwa iliingia Kazaa kama mtumiaji yeyote, ikafungua folda za watu zilizokuwa wazi, ikapiga picha ya skrini yenye majina ya nyimbo, ikaandika namba ya IP na saa. Baadaye mahakama iliombwa kumwamuru mtoa huduma wa intaneti ataje namba hiyo ni ya mteja gani. Shida ni kwamba namba inataja laini. Aliyekuwa ameketi kwenye kiti haimtaji. Ndiyo maana kati ya wale 261 alikuwamo mtoto wa miaka 12 wa New York, ambaye familia yake ililipa dola 2,000 yaishe. Bibi mmoja wa Massachusetts aliyepita miaka 60 aliambiwa amegawa nyimbo za rap, wakati kompyuta yake ilikuwa Macintosh, ambayo Kazaa haikufanya kazi ndani yake. Kesi yake iliondolewa. Hadi kampeni hiyo iliposimamishwa mwaka 2008, watu kama 35,000 walikuwa wameguswa, na walio wengi walilipa dola elfu chache kwa kuwa wakili angewagharimu zaidi.

Mwanamke mmoja wa Minnesota hakutaka kulipa. Folda yake ya Kazaa ilikuwa na nyimbo 1,702, lakini walalamikaji walichagua 24. Kule Marekani sheria inaruhusu fidia bila mlalamikaji kuthibitisha amepata hasara kiasi gani: kuanzia dola 750 kwa kazi moja hadi dola 150,000 kama kosa lilikuwa la makusudi. Oktoba 2007, baraza la wazee wa mahakama huko Duluth lilimtoza dola 222,000, yaani dola 9,250 kwa wimbo ambao dukani iTunes uliuzwa senti 99.

Baada ya hukumu, Jaji Michael Davis aligundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekosea. Alikuwa amewaambia wazee wa baraza kuwa kuziacha nyimbo mahali ambapo wengine wanaweza kuzichukua kunatosha kuitwa usambazaji. Alipoisoma sheria upya aliona haisemi hivyo. Lazima mtu awe amechukua kweli. Akaamuru kesi ianze upya. Wanafunzi wangu hupenda hapa, wanadhani mama ameponea. Kesi ya pili, Juni 2009, ilimtoza dola 1,920,000. Jaji akaipunguza hadi 54,000, akisema kiasi kile kinatisha. Walalamikaji wakakataa, ikaja kesi ya tatu mwaka 2010, safari hii dola milioni 1.5, jaji akapunguza tena. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikarudisha zile 222,000 za mwanzo. Miaka mitano, mabaraza matatu, nyimbo 24.

Kampuni zilishinda karibu kila mahali. Fedha je? Mauzo ya muziki uliorekodiwa Marekani yalikuwa dola bilioni 14.6 mwaka 1999. Kufikia 2015 yalikuwa chini ya nusu ya hapo. Wachumi Felix Oberholzer-Gee na Koleman Strumpf walichapisha mwaka 2007 kwamba kuvuta nyimbo hakukupunguza mauzo kwa kiasi cha kuonekana, na wenzao wengi wakawapinga. Mimi niko na wapinzani, ila kwa sharti: si kila wimbo uliovutwa ungenunuliwa. Kijana mwenye nyimbo 1,700 hakuwa na dola 1,700 mfukoni.

Na kampuni zenyewe zilijipiga risasi mguuni. Mwaka 2005 Sony BMG iliuza CD ambazo, ukiziweka kwenye kompyuta, zilijipenyeza na kuficha programu ya kuzuia kunakili ndani ya mfumo, kwa njia ambayo virusi vingeweza kujificha humohumo. Aliyepata balaa hilo ni mteja aliyelipa. Aliyevuta bure hakupata chochote zaidi ya wimbo.

Kilichopunguza uvutaji kilikuwa duka linalofunguka upesi kuliko folda ya jirani. iTunes ya Apple ilianza Aprili 2003 na nyimbo 200,000 kwa senti 99 kila moja, na ndani ya wiki moja zikauzwa milioni moja. Spotify ikafuata kutoka Sweden mwaka 2008; Tanzania na Kenya iliingia 2021, na kufikia hapo vijana wengi wa kwetu walikuwa wameshazoea Boomplay iliyokuja ndani ya simu zao za Tecno.

Sasa turudi kwa dada wa yule binti. Sheria yetu ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakuruhusu kutoa nakala kwa matumizi yako binafsi: wimbo ulionunua uuweke kwenye simu, kwenye flashi ya gari, kwenye kompyuta. Ukimpa mwingine nakala huku ya kwako umebaki nayo, umetoka nje ya ruhusa hiyo, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Je, kuna atakayekuburuza mahakamani kwa wimbo mmoja? Sijawahi kuona. Lakini ukiuweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, au chaneli ya Telegram yenye watu elfu kadhaa, umerudi kwenye ile folda ya Minnesota. Na kijana wa steshenari anayejaza memori kadi kwa malipo, ana nyimbo za wasanii mia kwenye kompyuta moja na hajaomba ruhusa ya yeyote, huyo hana hata hoja ya udugu. Angalizo moja: wasanii wengi wa kwetu huachia wimbo bure wenyewe ili usambae. Hapo ruhusa imetolewa na mwenye mali, rusha utakavyo.

Tena ukiwa unalipia huduma ya kusikiliza kila mwezi, hukununua wimbo. Umelipia kiingilio. Njia iliyo salama ni kumtumia dada kiungo ausikilize kwenye huduma yenyewe, na msanii ahesabiwe.

Hilo la kiungo nilimgusia binti mlangoni, akiwa anafungasha mkoba wake. Akaniangalia, akasema dada yake yuko kijijini, nyimbo zote humrushia kwa Xender, simu kwa simu bila intaneti, akienda likizo. "Kiungo kitafunguka na bando la nani, mwalimu?"