Sensa na Glukomita Zikitofautiana, Si Lazima Moja Iwe Mbovu

Wiki iliyopita baba mmoja aliniwekea mezani sensa ya sukari, kifaa kinachobandikwa kwenye ngozi na kutuma vipimo kwenye simu, ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya shashi. Alikuwa ameibandua mkononi mwa mwanawe wa miaka 9 mwenye kisukari siku ya nne tu, ingawa aina ile imetengenezwa kuvaliwa siku 14, na sababu yake ilikuwa ile ile ninayoisikia karibu kila kliniki: "Daktari, hiki kinadanganya. Simu inasema 5.1, kidole kinasema 7.4." Aliinunua kwa fedha yake mwenyewe, bila bima, na sensa ikishabanduliwa hairudishwi.

Dhana ya kwanza, ambayo ndiyo inayonisumbua kuliko zote, ni kwamba namba ya sensa na ya glukomita, yaani kile kifaa kinachopima tone la damu ya kidole, sharti zilingane. Vifaa hivi havipimi mahali pamoja. Glukomita hupima sukari iliyomo kwenye damu, ilhali sensa hupima ile iliyomo kwenye majimaji yanayozunguka seli chini ya ngozi, na sukari huchukua takriban dakika 5 hadi 15 kutoka kwenye damu hadi kufika huko. Mtoto akiwa ametulia, saa tatu au nne baada ya kula, namba hizo hukaribiana. Akiwa ametoka kula au kucheza mpira, sensa hubaki nyuma, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi. Mtoto wa baba huyu alikuwa amepimwa nusu saa baada ya chai na chapati. Sukari ilikuwa inapanda, kidole kikatangulia, sensa ikafuata. Mshale kwenye simu, unaoonyesha sukari inaelekea wapi, ulielekea juu, lakini hakuna aliyeutazama.

Kwa hiyo namsihi kila mzazi asome mshale kabla ya namba. Mtoto anayekwenda kulala akiwa na 5.1 na mshale unaoelekea chini anahitaji kuangaliwa upya muda mfupi baadaye, hata kama namba yenyewe inapendeza.

Kutoelewa jambo hili huwa na madhara zaidi sukari inaposhuka. Mama mmoja aliamshwa usiku na mlio wa simu iliyosoma 3.2, akampa mwanawe juisi kama tulivyomfundisha, akasubiri dakika 15, simu ikasoma 3.3. Akaongeza juisi, kisha soda, kisha asali. Kulipokucha sukari ilikuwa imepanda mno, hadi 19. Juisi ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa; kilichokosekana ni kupima kidole kabla ya kutoa ya pili, kwa kuwa muda mfupi baada ya kutibu sukari iliyoshuka, sensa bado inaonyesha hali iliyokwisha kupita. Mtoto akiulalia mkono wenye sensa, vilevile, ngozi hubanwa na simu hulia kwamba sukari imeshuka ilhali yuko salama. Mgeuze, kisha mpime kidole. Siku ya kwanza baada ya kuvaa nayo isitumiwe kuihukumu sensa. Lakini dalili za mtoto, yaani jasho, kutetemeka au hasira isiyo ya kawaida, zikipingana na simu, pima kidole mara moja. Ukikosa cha kupimia, mtibu kama ambaye sukari yake imeshuka.

Kidole nacho hukosea, na wazazi wanaokiamini kupita kiasi hawapendi kuambiwa hivyo. Binti wa miaka 11 alijipima mbele yangu ikasoma 16.8. Nilipotazama, kidole chake kilikuwa na rangi ya embe alilomenya akiwa kwenye foleni. Aliponawa kwa maji na sabuni na kujikausha, ikasoma 7.2. Pamba ya spiriti peke yake haitoshi kuondoa sukari ya tunda kwenye ngozi. Kabla ya kuilaumu sensa, basi, mnawishe mtoto, hakikisha mshale umelala, na rudia kwa siku mbili tatu. Tofauti ikizidi sehemu moja ya tano kila mara, wasiliana na aliyekuuzia ukiwa bado hujaibandua.

Dhana nyingine nitazipitia kwa ufupi. Wapo wanaodhani kwamba sisi kliniki tunaziona namba za mtoto saa zote kwa sababu simu ina intaneti. Tunazitazama siku ya miadi, au mzazi anapotuita. Mlio wa saa nane usiku ni wa aliye nyumbani.

Wapo wanaonunua saa au pete zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha kifaa chochote cha aina hiyo. Kumpa mtoto dozi ya insulini kwa kutegemea saa hiyo ni kuhatarisha maisha yake, nami sina lugha laini zaidi ya hiyo.

Pampu ya insulini inayojirekebisha yenyewe, ambayo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2016, haimwondolei mzazi kazi ya kukadiria wanga na kuitaarifu kabla ya mtoto kula. Tena pampu hutumia insulini ya muda mfupi peke yake, kwa hiyo mrija ukiziba, ketoni, yaani asidi ambazo mwili huzitoa ukikosa insulini, huweza kupanda ndani ya saa chache.

Wengine hukata tamaa wakiamini kwamba mtoto asiye na sensa hawezi kudhibitiwa. Glukomita, stripu za kupimia zisizopitwa na wakati na daftari lililojazwa kwa uaminifu hutosha kurekebisha dozi. Nasema kwa uaminifu kwa sababu ukurasa wa mwezi mzima ulioandikwa kwa kalamu moja, usiku wa kuamkia kliniki, naujua, na mara nyingi umeandikwa na mtoto anayegombezwa kila anaposoma namba kubwa. Msimgombeze kwa namba.

Mwisho, HbA1c nzuri, yaani kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, haithibitishi kwamba yote ni shwari. Ni wastani, na mtoto anayeyumba kati ya 3 na 20 anaweza kuupata wastani huo huo. Kwa mtoto mwenye selimundu kipimo hicho hupotosha kabisa, kwa kuwa chembe zake nyekundu za damu hufa mapema. Wazazi wake waje na kumbukumbu za sensa au daftari, na wamtaarifu mhudumu kuhusu selimundu kabla damu haijatolewa.